Ushindi wa Mezani

Kwenye dawati la michezo tuna maneno mawili kwa kitu kimoja, ila hayana heshima sawa. La kwanza ni "ushindi wa mezani", hilo tunaliandika gazetini. La pili ni "chee", hilo tunalitumia sisi kwa sisi, na mashabiki huwatupia timu iliyopewa pointi baada ya wapinzani kutotokea uwanjani. Hao si wamepata za chee! Ukishaambiwa hivyo huna pa kujitetea. Pointi zako ni halali kabisa kwenye msimamo wa ligi, lakini mtaani zimeshachacha.

Nimekuwa nikiyatafakari maneno haya kwa sababu ya mechi moja ya kriketi ambayo haikuchezwa. Najua, kriketi. Wengi wenu mnakuja hapa kwa ajili ya riwaya na mashairi, na kriketi kwenu ni wale watu wenye mavazi meupe mnaowaona kwa mbali mkipita karibu na Gymkhana mkiwa kwenye daladala. Nivumilieni. Ninachokitafuta hakihitaji kujua ova ni nini.

Ilikuwa Juni 2019, katika mji wa Sano, mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo. Timu tano za vijana wa chini ya miaka 19 zilikutana hapo kwa mechi za kufuzu: wenyeji Japani, Papua New Guinea, Fiji, Samoa na Vanuatu. Kanda yao, ya Asia Mashariki na Pasifiki, ilikuwa na tiketi moja ya Kombe la Dunia la vijana ambalo lingefanyika Afrika Kusini mwanzoni mwa 2020. Moja tu. Papua New Guinea ndio waliokuwa vigogo wa kanda, wameshakwenda Kombe hilo mara nyingi. Japani hawakuwahi kwenda hata mara moja. Ratiba ikaenda inavyokwenda, timu hizi mbili zikawafunga wengine wote, na mechi ya mwisho kati yao ikawa, kwa vitendo, fainali.

Haikuchezwa. Kabla ya siku hiyo, wachezaji wengi wa Papua New Guinea walikuwa wamechukua vitu dukani bila kulipa. Chama chao wenyewe cha kriketi kikawasimamisha kwa kuvunja kanuni za nidhamu. Walipoondolewa hao, waliobaki hawakutosha kuunda timu. Kriketi inataka watu 11, na huwezi kuagiza vijana wengine kutoka Port Moresby waje Japani kwa usiku mmoja. Basi wakajitoa, na Japani wakapewa mechi, na pamoja na mechi wakapewa tiketi.

Kwenye kumbukumbu za mechi ile hakuna mkimbio hata mmoja. Hakuna wiketi. Kuna jina la timu mbili na maelezo mafupi kwamba mmoja hakuja.

Swali la haraka ambalo kila mtu huuliza, na mimi ndilo nililoanza nalo, ni hili: je, Japani walistahili? Naomba mtambue kwamba Kiswahili kinatupa hapa msaada ambao hatuuthamini. Tuna "haki" na tuna "stahili", na ni vitu viwili. Haki ya tiketi Japani walikuwa nayo, kanuni ziko wazi, asiyetokea amepoteza. Kustahili ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na haki ya urithi wa baba ambaye hakumjali hata siku moja, na ukoo wote ukakubali kwamba ni haki yake, huku kila mmoja akinong'ona jikoni kwamba hastahili.

Wenye kunong'ona walipata ushahidi wao Januari 21, 2020, mjini Bloemfontein. Japani walikutana na India. Vijana wa Japani walitolewa wote kwa mikimbio 41. Kwa asiyeufahamu mchezo: 41 ni aibu ya kuifunika uso kwa kanga. Hakuna mpigaji wao hata mmoja aliyefikisha mikimbio kumi. Mikimbio ya bure, ile inayotokana na makosa ya warushaji wa India wenyewe, ilikuwa mingi kuliko ya mpigaji yeyote wa Kijapani. India wakaifikia namba hiyo ndani ya ova tano bila kupoteza mtu. Mwisho wa mashindano Japani walishika nafasi ya 16 kati ya timu 16.

Unaona sasa, watu wakasema. Tiketi ya chee.

Mimi hoja hii siikubali, na ningependa tuiondoe mezani mapema kwa sababu inatuzuia tusione penye kidonda. Anayesema 41 inathibitisha kwamba Japani hawakustahili anapima jambo la Juni kwa rula ya Januari. Vijana wale walishinda mechi zao zote za Sano walizopewa nafasi ya kuzicheza. Siku ya mwisho walikuwepo. Ushindi wa mezani una sharti ambalo mashabiki hulisahau: meza haimpi aliyebaki nyumbani. Inampa aliyekuja.

Sisi wa Afrika Mashariki ndio tunaotakiwa kuwa wa mwisho kulisahau hilo. Mwaka 2003, kwenye Kombe la Dunia la wakubwa, New Zealand walikataa kusafiri kwenda Nairobi wakihofia usalama, na Kenya wakapewa pointi nne bila kurusha mpira. Mpaka leo utamsikia mtu anasema Kenya walifika nusu fainali kwa sababu ya pointi zile. Ni kweli pointi zilisaidia. Lakini siku tatu baadaye, hapo hapo Nairobi, Sri Lanka walikuja, na Kenya wakawafunga kwa tofauti ya mikimbio 53, Collins Obuya akachukua wiketi tano. Hakuna meza iliyochukua wiketi zile. Bahati iliwafungulia Kenya mlango, na Kenya wakaingia kwa miguu yao.

Je, kama wangefungwa na Sri Lanka? Je, kama wangetolewa kwa 41? Hapo ndipo wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walipoweka kidole mwaka 1976, katika mjadala wa kile tunachoweza kukiita bahati ya kimaadili: kwamba tunawahukumu watu kwa mambo ambayo nusu yake hayakuwa mikononi mwao, na tukijaribu kuyaondoa yale yasiyo mikononi mwao, hatubaki na mtu wa kumhukumu. Tulisoma hilo mwaka wa pili chuoni na sikulielewa. Nadhani nililielewa niliponunua soda Kariakoo. Nitafika huko.

Kwanza niseme kuhusu upande wa pili, kwa maana Japani, kwa kweli, hawana tatizo. Wenye tatizo ni vijana wa Papua New Guinea waliobaki. Wale ambao hawakuchukua kitu.

Jaribu kumweka mmoja wao mbele yako. Huko kwao kriketi ni mchezo mkubwa. Kijiji cha Hanuabada, pembeni mwa Port Moresby, kimetoa wachezaji wengi wa timu ya taifa. Kijana kama huyo amekua akiona kaka zake wanavaa jezi. Amechaguliwa, amepanda ndege, amecheza, ameshinda. Imebaki mechi moja. Halafu anaitwa kwenye kikao hotelini na kuambiwa kwamba haitachezwa, kwa sababu ya jambo ambalo hakulifanya. Anarudi nyumbani na begi lile lile, kwenye ndege ile ile, pamoja na waliofanya. Na ulimwengu, ukikumbuka chochote, utakumbuka "ile timu iliyoiba dukani". Taarifa nilizozisoma hazikuwataja waliokosa, na ni vizuri, hao ni vijana wadogo na kosa la dukani halipaswi kumwandama mtu mpaka uzeeni. Lakini ona lilivyo gumu: kwa kuwaficha wenye kosa, tumewapaka tope wote. Kila mmoja katika kikosi kile anaweza kuwa ndiye.

Tuna methali ya jambo hili na kila mmoja wetu aliisikia shuleni kabla ya kujua kusoma: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nimeishi na methali hii miaka thelathini na kitu na nimefikia kuishuku. Kwanza, muulize mchuuzi yeyote wa Feri, atakwambia si kweli. Samaki mmoja akioza unamtoa haraka ili wengine wasiharibike, na wengine unawauza. Methali ni onyo kwa mwenye tenga. Haikukusudiwa kuwa hukumu juu ya samaki. Sisi tumeigeuza. Mwalimu akiona ubao umeandikwa matusi na hajui nani, anachapa darasa zima na kutuambia habari ya samaki.

Sasa, je, chama cha kriketi cha Papua New Guinea kiliadhibu darasa zima? Hapana. Nataka kuwa mwangalifu hapa. Kiliwaadhibu waliokosa. Wasio na kosa hawakuadhibiwa; waliumia tu. Mwanasheria atakwambia tofauti hiyo ni kubwa, naye ana haki. Baba akifungwa kwa wizi, watoto hawajafungwa, ila ada hailipwi. Hakuna anayesema basi wezi wenye watoto wasifungwe. Na chama kile kilikuwa na njia nyingine, ya mkato, ambayo viongozi wa michezo tunaowajua sisi wangeiona kabla ya kuona kitu kingine chochote: malizaneni na mwenye duka, rudisheni vitu, wachezeni mechi, adhabu tutatoa tukifika nyumbani. Nani angejua? Hawakuifuata. Walichagua kupoteza tiketi. Nimeandika habari za michezo kwa miaka kadhaa na nawaambia, kitendo cha namna hiyo sijakiona mara nyingi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshafunga hesabu. Walifanya sawa. Waliobaki wameumia, pole yao, ndiyo gharama ya haki. Nilikuwa tayari kuandika makala ya kuwasifu viongozi wale, na ingekuwa makala nzuri tu, fupi.

Kilichoniharibia ni soda ya Kariakoo.

Nikiwa kidato cha tatu nilicheza netiboli. Tulikuwa timu ya kawaida, ya shule ya kawaida, na kwenye mashindano ya shule za wilaya tulifika mechi ya mwisho bila mtu yeyote kutegemea, sisi wenyewe tukiwemo. Wapinzani wetu walikuwa wakali. Walikuwa na mfungaji mrefu ambaye ukimtazama tu anavyopasha misuli unaanza kuumwa tumbo. Asubuhi ya mechi mwalimu wao akaenda kwa waratibu akasema mwenyewe, bila kushtakiwa na mtu, kwamba amegundua wawili katika timu yake ni mamluki, si wanafunzi wa shule ile, wameandikishwa kwa majina ya wengine. Timu ikaondolewa. Sisi tukapewa ushindi wa mezani na tukaenda mkoani. Tulishangilia, sitaki kudanganya. Tuliimba njia nzima ndani ya lori.

Miaka mingi baadaye naingia duka la vipodozi Kariakoo, juani, nataka kitu cha baridi kabla ya kingine chochote, na dada anayenihudumia ananitazama, ananitazama tena, anasema, "Wewe si ulikuwa unacheza ulinzi?" Ni yule mfungaji mrefu. Hakuwa mamluki. Alikuwa mwanafunzi halali kabisa wa shule ile, kidato cha nne.

Tukaongea. Nilimwambia, kwa lugha ya mtu aliyesoma, kwamba nimekuwa nikimheshimu sana mwalimu wao kwa uaminifu ule. Akanyamaza kidogo akipanga chupa.

"Mwalimu alikuwa sahihi, dada, sikatai," akasema. "Ila yeye mwaka uliofuata alikwenda tena na timu nyingine, akafika mkoani. Mimi nilikuwa nimemaliza shule."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile na kila ninapolipeleka, linafungua kitu. Lipeleke Sano. Mwaka 2022, Kombe la vijana lililofanyika visiwa vya Karibi, mechi za kufuzu za kanda kadhaa zilifutwa kwa sababu ya korona, na Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) likagawa tiketi kwa kutazama rekodi za nyuma. Kanda ya Asia Mashariki na Pasifiki ikapewa nani? Papua New Guinea. Bila kucheza. Afrika wakapewa Uganda, kwa utaratibu huo huo. Yaani meza ile ile iliyochukua mwaka 2019 ikarudisha safari iliyofuata, na chama kikawa kimelipwa, kwa rekodi iliyojengwa na vijana waliotangulia. Chama kinaweza kungoja. Chama hakifikishi miaka 19. Lakini vijana wa 2019, ukiacha pengine waliokuwa wadogo kabisa, umri ulikuwa umeshawatupa nje. Kwenye mashindano haya kuna tarehe, 1 Septemba. Umezaliwa kabla yake, kwaheri.

Hapo ndipo naona kwamba tunapozungumzia uadilifu kwenye michezo ya vijana tunachanganya mikoba ya watu wawili. Uamuzi anaufanya mtu mzima, na sifa anazipata mtu mzima. Bei inatoka kwenye mfuko wa kijana, na kijana hana mfuko mwingine. Kujinyima kwa ajili ya haki ni jambo tukufu pale unapojinyima wewe. Ukimnyima mwingine asiye na kosa, hata kama hakuna njia nyingine, hata kama ni sahihi, umekopa kwake. Deni lipo. Sijasema usikope. Nimesema usijifanye ulitoa zawadi.

Na kuna jambo la pili, nalo linanikera zaidi kwa sababu halina hata mtu wa kumlaumu usoni. Kwa nini tiketi ilikuwa moja?

Kombe la 2020 lilikuwa na nafasi 16. Nafasi 11 zilikwenda kwa mataifa makubwa ya mchezo bila kupita kwenye mchujo wowote wa kanda: India, Australia, Uingereza na wenzao. Dunia iliyobaki, yote, ikagawiwa tano. Moja Afrika, moja Asia, moja Ulaya, moja nchi za Amerika, moja kule Pasifiki. Sasa chukulia vijana wa moja ya yale mataifa 11 wangefanya kosa lile lile, kwenye duka la aina ile ile, wiki moja kabla ya Kombe. Wangesimamishwa, natumaini. Kisha chama chao kingepiga simu, kingeita vijana wengine wanaosubiri kwenye akademi, na timu ingekwenda. Gazeti lingeandika siku mbili. Asiye na kosa angecheza mechi yake. Kosa ni moja, adhabu kwa mkosaji ni moja, lakini anayeumia pasipo kosa yupo kwenye timu ya maskini tu. Timu ya tajiri ina matandiko ya kuangukia.

Kwa hiyo tunapowaambia walimu na makocha wa huku kwetu wawe waaminifu, na tuwaambie kweli, tujue tunawadai kitu ambacho wenzao wanakipata kwa bei ya chini. Yule mwalimu wa netiboli alipokwenda kwa waratibu asubuhi ile alitoa kila kitu walichokuwa nacho wasichana wake.

Kanda na tiketi yake moja ina visa vyake vingine vya kuchekesha ukiwa mbali navyo. New Zealand, ambao ni taifa kubwa la kriketi, walijitoa Kombe la 2022 kwa sababu ya masharti ya karantini kwa watoto wakirudi nyumbani, uamuzi wa kulinda watoto, huwezi kuulaumu; Scotland wakachukua nafasi yao. Halafu, kwa Kombe la 2024, New Zealand wakalazimika kupita kwenye mchujo wa Pasifiki, huko Darwin, na bila shaka wakauchukua. Tiketi ambayo Japani na Papua New Guinea huwa wanaigombania ikachukuliwa na mtu mwenye nyumba yake. Tembo akikosa zizi lake analala kwenye banda la kuku.

Na kwetu? Kombe la 2026 liliandaliwa na Zimbabwe na Namibia. Zimbabwe waliingia kama wenyeji. Namibia, wenyeji pia, walitakiwa kuipigania tiketi ya Afrika kama wengine. Mechi zikachezwa Lagos mwaka 2025, na aliyemaliza juu ni Tanzania. Mara ya kwanza katika historia yetu. Waliozikosa mechi za Namibia kwenye ardhi ya Namibia ni vijana wa Namibia wenyewe. Vijana wetu wakapangwa kundi moja na Afrika Kusini, West Indies na Afghanistan. Nilifurahi mno siku tiketi ilipopatikana, nikamtumia ujumbe kila niliyemjua, hata wasiojua kriketi, ambao ni karibu wote.

Lakini baada ya furaha nikajikuta nafikiria jambo baya. Nikajiuliza: kama usiku wa mwisho kule Lagos, kiongozi wa msafara wetu angegundua kwamba nusu ya vijana wetu wamefanya kosa kama lile la Sano, mimi, mwandishi, ningetaka afanye nini? Mara ya kwanza katika historia. Jibu langu la kwanza, la tumboni, kabla ya akili kuamka, lilikuwa: anyamaze. Sijivunii. Nalisema kwa sababu ni rahisi sana kusifu uadilifu wa Papua New Guinea ukiwa umekaa Dar es Salaam.

Jibu langu la pili, la akili ikiwa macho, ni kwamba aseme. Naliamini bado. Mchezo unaomfundisha kijana wa miaka 17 kwamba makosa yanasubiri mpaka tushinde kwanza, umeshamfundisha kila kitu atakachokihitaji ili awe kiongozi wa aina tunayoijua. Ila baada ya kusema, kazi yake haijaisha. Awaite wale wasio na kosa mmoja mmoja, si kwenye kikao. Awaambie: wewe hujakosa, nami nakunyang'anya, na najua ninachokunyang'anya. Aandike barua, yenye muhuri, mzazi aisome. Awatafutie timu, safari, mechi ya wakubwa, chochote kilicho mkononi mwake, na asione kwamba anatoa sadaka. Na asikubali kupewa nishani ya uadilifu mpaka wao wamepewa viti vya mbele. Mwalimu wa yule mfungaji, kwa maelezo ya mfungaji mwenyewe, hakuwahi kumwambia neno. Walirudi kwenye basi, akawahutubia wote kwa pamoja kuhusu samaki.

Nilipokuwa nalipa, dada yule akanishika mkono wa kanzu yangu, kama mtu aliyekumbuka alichotaka kuuliza tangu mwanzo.

"Halafu nyie, huko mkoani mlifika wapi?"

Nikamwambia ukweli. Mechi ya kwanza tulifungwa magoli 31 kwa 6.

Alicheka mpaka wateja wakageuka.